Mwaka wa Maganda ya Pasheni

Ndanu aliniandikia Jumanne asubuhi nikiwa nimesimama kwa sinki nikiosha majani ya sukuma. "Anti Njoki, mama ametuacha jana jioni. Tunamzika Ijumaa huku Yatta." Niliketi kwenye stuli ya jikoni, hapa nyumbani kwangu Gatongora, mikono ikidondoka maji, na kabla sijapata nguvu ya kumpigia simu, habari ikawa imeshafika kwenye kundi la WhatsApp la sisi tuliofanya kazi zamani kwenye kile kiwanda cha juisi cha Thika. Zikamiminika pole, zikamiminika picha za mishumaa na mikono ya kuomba. Halafu Gathogo akaandika. Gathogo alikuwa meneja wetu wa uzalishaji. Siku hizi ana nyumba za kupangisha upande wa Kamakis na kanisani wanamwita mzee. Aliandika: "Pumzika kwa amani Mama Ndanu. Ulitumikia kwa unyenyekevu na hukuwahi kulalamika." Watu kumi na wawili wakaweka alama ya moyo.

Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kupata. Hukuwahi kulalamika. Alilalamika. Alilalamika kwangu, mimi niliyekuwa na miaka ishirini na minne na koti jeupe la maabara, na mimi nikamwambia aache mlango wazi hewa iingie. Kwa hivyo hasira ninayoandika nayo haimwendei Gathogo peke yake, ingawa fungu kubwa ni lake, na sitajifanya nimelainika kwa sababu kuna msiba. Fungu lingine ni langu. Nataka kuuandika mwaka ule ulivyokuwa, mwezi kwa mwezi, maana naona wengine wameshaanza kuuandika kwa namna yao.

Mwaka huo nilikuwa nikikaa Witeithie, kwenye ploti, nyumba ya kupanga ya mawe yenye vyumba vinane vilivyopangana kama madarasa, mfereji mmoja wa maji katikati na kamba za nguo zikikatiza kila upande. Mimi nilikuwa chumba cha tano, Mama Ndanu cha nne. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mueni, lakini sikuwahi kumwita hivyo, kwa kuwa alinizidi miaka kumi na zaidi. Alikuwa mjane, na Ndanu wake alikuwa akisoma kwao Yatta, akikaa na bibi yake, na akija likizo alikuwa akinifuata kila mahali. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilijua akikoroga chai kwa kijiko kikubwa au kidogo. Jumamosi alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa pamoja na maharagwe, akayaacha yatokote kutoka asubuhi hadi saa nane, na harufu ikifika kwangu tu, ukuta unagongwa mara mbili. Hiyo ilikuwa na maana ya njoo na sahani yako. Chumba chake kilikuwa na kitanda, stovu ya mafuta, kalenda ya kanisa na kochi moja lililofunikwa kitambaa cha kufuma. Nilikula vizuri zaidi kwenye kochi lile kuliko mahali pengine popote kabla au baada.

Kiwandani yeye alikuwa upande wa maganda. Tulikamua pasheni, maembe na mananasi, na kila kilichobaki baada ya kukamua, wanawake wanane wenye gambuti walikisukuma kwa koleo hadi kwenye trela. Trekta iliyaburuta hadi kwenye kwari ya zamani, shimo lililochimbwa mawe, na kuyamwaga huko. Harufu ya kwari ile ilikuwa inakufuata hadi kwenye nywele. Nzi walijaa kwenye nyumba za watu, maji meusi yakateremka hadi mtoni, majirani wakaenda kushtaki, na watu wa mazingira wakaja wakasema kiwanda kitafungwa kama maganda hayatapatiwa njia nyingine. Hapo ndipo wakubwa wakaanza kuulizana kama takataka ile ina faida yoyote.

Jibu lilitoka kwa Mama Ndanu, na lilitokea penye mfereji wa ploti mbele ya macho yangu. Ilikuwa mwezi wa pili. Alikuwa ameketi kwenye mtungi uliopinduliwa, akisugua mikono kwa sabuni ya mche. Mikono ya wanawake wa maganda ilikuwa ya zambarau hadi kwenye viwiko wakati wote wa msimu wa pasheni.

"Njoki, wewe umesomea mambo ya chakula," akaniita. "Hebu kuja uone hii kitu."

Povu la sabuni lilikuwa limegeuka rangi, si zambarau tena bali kijani kinachoelekea buluu. Akachukua nusu ya limau, akaikamulia kwenye kiganja kilekile, na rangi ikawa nyekundu kama ya waridi.

"Nimekuwa nikicheza nayo kila jioni," akasema. "Sabuni inaifanya hivi, limau inairudisha hivi. Na ukichemsha maganda na limau, hiyo nyekundu inakaa. Nimeweka kwa chupa siku tatu, iko vile tu. Sasa niambie, kwani rangi ya kutia kwa maziwa ya watoto inatoka mbali sana kuliko hii?"

Kesho yake nilibeba chupa yake hadi maabara. Mkubwa wetu wa maabara alikuwa Bwana Hasmukh, mzee wa Thika aliyezaliwa Thika, mpole na mbishi kwa kiwango kimoja. Aliinua chupa dirishani, akatia matone ya soda, akatia matone ya ndimu, halafu akauliza ni nani aliyefanya hivi. Nilipomwambia, alivua miwani.

"Huyo mama amefanya majaribio yote kwa karai," akasema. "Mlete hapa."

Sheria ya kiwanda ilikataza watu wa maganda kuingia maabara. Bwana Hasmukh alimtafutia Mama Ndanu koti jeupe lililombana mabegani, na kwa miezi mitatu tukawa watatu. Nisemeje kuhusu miezi hiyo? Ndiyo sababu siwezi kuuchukia mwaka wote. Tuliloweka maganda kwenye maji ya uvuguvugu yenye asidi ya ndimu, tukayachuja, tukapunguza maji polepole bila kuacha yachemke, kwa sababu moto mwingi unaiunguza rangi na kuifanya kahawia. Bwana Hasmukh alikuwa na kipimo cha kusoma rangi kwa mwanga, lakini tulikuja kugundua kwamba kipimo kilikuwa kinafuata alichosema Mama Ndanu. Alikuwa akiangalia gunia na kusema, "Hili la jana usiweke, limelala," na kweli likipimwa, rangi ni nusu. Alikuwa akiangalia maji na kusema, "Yameshakula rangi ya kutosha, toa." Alijua kutofautisha nyekundu sita ambazo mimi niliziona kama moja.

Kisha tukaenda kwa maganda ya embe. Vitabu vilisema yana zile zinazoitwa antioksidanti, vitu vinavyozuia mafuta yasichache. Bwana Hasmukh alitaka tuone wenyewe, si kusoma tu. Tukaweka vikombe viwili vya mafuta ya kupikia dirishani kwenye jua, kimoja kitupu, kingine kimetiwa kidogo unga tuliotoa kwenye maganda. Kila asubuhi Mama Ndanu alivinusa. Wiki ya tatu cha kwanza kilikuwa kinanuka kama sufuria ya chapati iliyosahauliwa, na cha pili kilikuwa bado kizuri. Mchana huo Bwana Hasmukh alifungua chakula chake cha kutoka nyumbani, chapati nyembamba, dengu na achari ya embe, akakigawa sehemu tatu juu ya kaunta ya maabara, kinyume cha sheria zote alizokuwa ameziandika yeye mwenyewe ukutani. Mama Ndanu alisema achari ile inaweza kuamsha maiti. Mzee alicheka hadi akakohoa.

Kasoro ilikuwa moja. Rangi iliyotolewa kwa maji ilikuwa nyepesi, na lita nyingi za maji zilitoa kikombe kimoja cha rangi. Kampuni moja ya maziwa ya mtindi ilikuwa imeionja na kuipenda, na ilitaka mapipa. Gathogo alikuja maabara kwa mara ya kwanza tangu tuanze, akasimama katikati mikono mfukoni.

"Maji inachelewesha," akasema. "Nimeambiwa spiriti inatoa rangi yote mara moja."

"Ni kweli," Bwana Hasmukh akamjibu. "Lakini iwe spiriti ya chakula. Na chumba kiwe na feni za kuvuta hewa, na mtambo wa kuikusanya ikivukizwa. Bila hiyo, hapana."

"Utapata," Gathogo akasema.

Mwezi wa tano mapipa yakafika. Hapakuwa na feni, hapakuwa na mtambo. Chumba kilikuwa ile stoo ya magunia nyuma ya boila ya kuchemshia maji, mlango mmoja, dirisha limezibwa kwa bati. Nilikuwa nimesimama hapo mapipa yakiteremshwa. Karatasi za ubavuni zilikuwa zimekwanguliwa, lakini pipa la mwisho lilikwanguliwa kwa haraka, na herufi nne za mwanzo zilikuwa zimebaki. Bwana Hasmukh alichovya kijiti cha kioo, akanusa kwa mbali, akachukua kidogo kwenda kupima. Alirudi uso umebadilika.

"Njoki, hii ni methanoli. Ya watu wa rangi za nyumba. Unajua inafanya nini?"

Nilijua. Hakuna mtu wa upande wetu asiyejua. Tulikuwa tumesikia habari za watu waliokunywa pombe haramu iliyotiwa dawa hiyo, wakaamka hawaoni, au hawakuamka. Na sikuhitaji pombe kunifundisha. Ilikuwa kwenye daftari langu la chuo kwamba inaingia kwa pumzi na kwa ngozi vilevile.

Bwana Hasmukh aliandika barua kwa wenye kiwanda. Wiki mbili baadaye alipewa likizo iliyoungana na kustaafu kwake. Nilimsaidia kubeba vitabu hadi kwenye gari. Alisimama mlango ukiwa wazi, akaniangalia.

"Mimi sina mlango wa kuingia huko tena," akasema. "Wewe unao. Waambie wale akina mama wa maganda ni nini iko kwa pipa."

Nikasema nitawaambia.

Siku iliyofuata Gathogo aliniita ofisini. Kulikuwa na meza mpya kule maabara, akasema, na ni yangu. Mlangoni kungeandikwa jina langu na cheo, Msimamizi wa Rangi Asilia. Nilikuwa kibarua wa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Sasa ningeajiriwa moja kwa moja.

"Wewe ndiye utakuwa unaandika kitabu," akasema. "Kwa kitabu andika ethanoli."

"Na hii tuliyo nayo?"

"Hii ni ya muda tu, mpaka ile ingine ipite bandarini. Halafu si inakauka? Ikikauka imeenda. Hakuna mtu anainywa, Njoki. Kwani kuna mtu anainywa?"

Nikaandika ethanoli. Niliandika kwa mwandiko mzuri, kila asubuhi, kwa kalamu ya wino mweusi, mwezi wa tano na wa sita na wa saba na kuendelea. Watu huniuliza, wale wachache niliowaambia, kama niliogopa. Ningependa iwe hivyo. Ukweli ni kwamba nilifurahi. Nilipenda ile meza. Jioni nilipotoka nilikuwa nikipitisha kidole juu ya jina langu mlangoni.

Mama Ndanu alivuliwa koti jeupe na kupelekwa stoo, kwa sababu ndiye aliyejua kazi. Wakamwongezea wanawake wawili. Waliloweka maganda kwenye ndoo za spiriti, wakayakamua kwa kitambaa, mikono mitupu, halafu wakavukiza ile spiriti kwenye sufuria pana zilizokaa ndani ya maji moto, wakiinama juu yake na kukoroga. Kila mlango ulipofunguliwa, hewa tamutamu nzito ilikupiga usoni. Wageni wa kampuni ya mtindi walipokuja, Gathogo aliwaleta maabara kwangu, si stoo. Aliinua chupa ya kioo dirishani, kama alivyokuwa akifanya Bwana Hasmukh, akasema, "Hii ni asili tupu. Maganda na maji. Hakuna kemikali hata moja." Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikitabasamu. Hatua arobaini kutoka hapo Mama Ndanu alikuwa amejiinamia juu ya sufuria.

Mpaka leo nikiwa kwa supamaketi pale Ruiru nikaona chupa imeandikwa rangi asilia, naigeuza nyuma na kuisoma hadi mwisho, na watu wa foleni wananung'unika. Wanaume na wanawake waadilifu wanafanya kazi hiyo vizuri siku hizi, kwa maji na kwa mitambo iliyofungwa, na nafurahi kwa ajili yao. Lakini neno asili halinitulizi. Nililitumia nikijua.

Mwezi wa sita alianza kuumwa kichwa. Niliyasikia hayo kupitia ukutani akimwambia jirani wa chumba cha tatu, "Hii kazi mpya inanipiga kichwa, na chakula haikai tumboni." Kesho yake akaniambia mwenyewe. "Njoki, hii spiriti ni ya aina gani?"

"Ni ya chakula," nikasema. "Ni kali tu. Wacheni mlango wazi."

Mwezi wa saba alikuja maabara na mitungi miwili midogo ya kioo, akasimama mlangoni kwa sababu haruhusiwi tena kuingia.

"Hii nyekundu iko sawa?" akauliza.

Haikuwa nyekundu. Ilikuwa kahawia ya chai iliyolala, rangi iliyoungua, na mtungi wa pili ulikuwa mwekundu safi. Mwanamke aliyeona nyekundu sita alikuwa amenishikia mitungi miwili mbele ya uso na kuiona kuwa ya rangi moja. Nilijua wakati huohuo. Sitaki mtu aniambie kwamba sikujua. Nikasema, "Ya kushoto imeungua kidogo. Umechoka, pumzika." Nikarudi kwenye meza yangu.

Mwezi wa tisa alisema ni kama anaangalia kupitia neti nyeupe, kwamba akitazama uso wa mtu, anaona masikio lakini katikati hakuna kitu. Aliniomba nimsindikize hospitali, kwa kuwa mimi najua kuongea na madaktari. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Daktari alikuwa kijana, makini, akamulika jicho moja, akamulika la pili, akarudia.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Ya kutoa rangi kwa maganda ya matunda."

"Kuna kemikali yoyote unashika?"

Mama Ndanu akageuza uso kunielekea, ule uso ambao haukuwa unaniona vizuri. "Huyu ndiye anajua," akasema. "Ndiye mkubwa wetu."

Daktari akaniangalia. Kalamu yake ilikuwa tayari.

"Ni spiriti ya chakula," nikasema. "Ethanoli."

Akaandika. Akampa dawa ya matone na vitamini, akasema arudi baada ya mwezi, huenda anahitaji miwani. Tulipotoka nje Mama Ndanu alininunulia soda, kwa kunishukuru.

Aliendelea kufanya kazi wiki tatu zaidi. Halafu akagongwa na mkokoteni wa maganda uwanjani saa nne asubuhi, jua likiwaka, mkokoteni ambao kila mtu alikuwa ameuona. Wakamrudisha hospitali. Safari hii daktari yuleyule hakunisikiliza mimi. Alimuuliza kwa upole kama anakunywa pombe, kwa maana macho yake yalikuwa kama ya wale waliokunywa ile iliyotiwa sumu.

Swali hilo la pombe lilipomfikia Gathogo, akapata kisingizio alichokuwa akikitafuta. Mama Ndanu alikuwa amepeleka malalamiko kwa afisa wa kazi pale Thika, kupitia kwa mwalimu mmoja wa kanisa lake, na tarehe ya kusikizwa ilikuwa imepangwa mwezi wa kumi na moja. Gathogo aliniita akafunga mlango. Karatasi ilikuwa mezani, imeshachapwa.

"Soma tu uweke sahihi," akasema.

Ilisema mimi, jirani wa Mueni, nimekuwa nikimsikia mara kwa mara akinywa pombe ya chang'aa na wageni chumbani kwake. Ilisema nimemwona akianguka. Ilisema kampuni inatumia ethanoli pekee, kama kitabu changu kinavyoonyesha.

"Mama Ndanu hanywi," nikasema. "Hata chai ya rangi hanywi, anasema inamkosesha usingizi."

"Nani anajua mtu anafanya nini kwa nyumba yake?"

"Mimi najua. Nasikia kila kitu."

"Ndio maana tunataka wewe," akasema. "Njoki, fikiria vizuri. Hicho kitabu ni mwandiko wako. Ukisema ni methanoli, ni wewe ulidanganya, si mimi. Mimi sijaandika kitu mahali."

Ninaitafuta hapa sababu nzuri ya yale niliyofanya baadaye, nami sioni nzuri sana. Uongo wa kwanza niliuweza. Nilikuwa nimezoea. Lakini kumwita mlevi yule mama aliyekuwa akigonga ukuta mara mbili nije na sahani, hiyo ilinishinda kumeza. Nilikasirika, nadhani, hatimaye, miezi sita baada ya wakati wa kukasirika. Nikaikunja karatasi nikasema nitaisoma nyumbani. Gathogo akatabasamu, akidhani tumemaliza.

Ofisi ya afisa wa kazi ilikuwa chumba kidogo, faili hadi dirishani. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sweta ya kijivu. Mama Ndanu aliketi na yule mwalimu, mikono yake imelala mapajani, bado ina doa la zambarau kwenye kucha. Gathogo aliongea kwa nusu saa, kwa sauti ya huruma. Alisema kampuni inasikitika, kwamba mama huyu ni mfanyakazi mzuri aliye na tatizo la kinywaji, na kwamba jirani yake yuko hapa kuthibitisha. Nilimwangalia Mama Ndanu aliposikia hilo. Alishika tu mkoba wake kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye Njoki?" afisa akauliza. "Kulikuwa na nini kwa mapipa?"

"Methanoli," nikasema.

Gathogo akageuka. "Kitabu kinasema ethanoli. Mwandiko wake."

"Ni mwandiko wangu. Niliandika uongo. Nilijua ni uongo. Mapipa mawili bado yako nyuma ya boila, mnaweza kwenda kupima hata leo. Na huyu mama hanywi pombe. Mimi naishi naye ukuta kwa ukuta."

Afisa aliandika kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama naelewa nimesema nini juu yangu mwenyewe. Nikasema naelewa.

Walikwenda siku hiyohiyo na wakayakuta mapipa. Stoo ikafungwa. Wale wanawake wawili wengine walikuwa wameanza kuumwa kichwa na kutapika, lakini macho yao yalisalimika kwa sababu walitolewa kabla sumu haijayafikia, na hilo ni jambo moja nililo nalo. Mama Ndanu alilipwa fidia ambayo sitaiandika kwa kuwa ingetia aibu karatasi. Mimi nilifukuzwa kabla ya wiki kwisha, na nilistahili, ingawa si kwa sababu waliyoitaja. Gathogo alihamishwa kwenda kusimamia kiwanda kingine cha haohao, na huko akapandishwa cheo. Bwana Hasmukh nilimtembelea nyumbani kwake. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza ni mwezi gani nilipowaambia akina mama. Nilipomjibu, alisimama akaenda kuangalia bustani, na hakurudi kuketi hadi nilipoaga.

Mwezi wa kumi na mbili Mama Ndanu alikuwa anarudi Yatta kabisa. Kaka yake alikuwa anakuja na pikapu kuchukua vitu. Nilikuwa nimefunga vyombo vyake kwenye katoni tangu asubuhi, na kochi lilikuwa tayari nje. Tuliketi kwenye kitanda kisicho na godoro. Alikuwa amevaa leso ya kanisani. Kwa wiki tatu tangu siku ya afisa hakuwa ameniuliza chochote, na watu wa ploti walikuwa wakinisifu mbele yake kwamba nimekuwa shujaa, nimesimama na ukweli.

"Njoki," akasema. "Wewe ulijua lini?"

Alikuwa ameelekeza uso dirishani. Ningeweza kusema mwezi wa kumi. Ningeweza kusema sikuwa na hakika. Kule ofisini nilikuwa nimesema nilijua, lakini sikuwa nimesema tangu lini.

"Mwezi wa tano," nikasema.

Akaanza kuhesabu kwa vidole, akianzia na kidole gumba. "Wa tano. Wa sita. Wa saba." Akasimama hapo, ameshika kidole cha kati. "Mimi macho ilianza wa saba."

"Ndio."

"Na ile siku ya daktari ilikuwa wa tisa."

"Ndio."

Nje kaka yake alikuwa amefika na alikuwa akiuliza watu chumba ni kipi. Nilitaka anipige. Nilitaka alie ili nipate cha kufanya. Alikunja vidole, akalainisha leso kwenye magoti.

"Nilikuwa nikidhani mwanzoni ulifichwa kama sisi," akasema. "Usimwambie Ndanu. Mtoto anakupenda, na mimi sina nguvu ya kumfundisha kukuchukia."

Kisha akainuka. Nilinyoosha mkono nimshike kiwiko, kama nilivyokuwa nimefanya tangu mwezi wa kumi. Akausogeza mkono wangu pembeni, bila ukali.

"Wacha," akasema. "Hapa najua njia."

Akapapasa ukuta, ule uliokuwa kati yangu na yeye, hadi mlangoni, akatafuta kizingiti kwa mguu, akatoka akaingia garini.